Jinsi ya kutambua pengo la ujuzi kwa wafanyakazi kabla ya kulipia mafunzo

Mikate ikianza kurudi kutoka madukani, au mteja mkubwa akianza kulalamika, wenye biashara wengi hutoa hukumu ileile: hawa vijana hawajui kazi, wapelekwe semina. Semina inalipiwa, watu wanakaa ukumbini siku mbili, wanapata chai, sambusa na cheti, na Jumatatu mikate inarudi kama kawaida. Fedha imekwenda, na wafanyakazi wamebebeshwa lawama ambayo pengine haikuwa yao. Kilichorukwa ni kazi ya kabla ya semina: kujua nani anashindwa nini, kwa kiasi gani, na kwa sababu ipi.

Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kukodi. Inahitaji daftari, saa chache za kusimama karibu na watu wanapofanya kazi, na moyo wa kukubali majibu usiyoyatarajia. Nitaieleza kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kiwanda kidogo cha mikate chenye wafanyakazi 14, kinachooka mikate 1,200 kwa siku. Kina wachanganyaji wawili, wapima na waundaji wa madonge wanne, waokaji wawili, wafungashaji wawili, mtunza stoo mmoja, madereva wawili wa kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, wanaosambaza madukani, na msimamizi mmoja. Kama una karakana, saluni, duka la vifaa vya ujenzi au nyumba ya wageni, hatua hazibadiliki. Weka kazi zako mahali pa mikate.

Hatua ya 1: Anzia kwenye hasara

Usianze kwa kuorodhesha majina ya watu na udhaifu wao. Ukianzia hapo utaishia kuandika tabia: huyu mvivu, yule mjuaji, yule mwingine hasikilizi. Anza na mambo mawili au matatu yanayoiumiza biashara, kisha uyape namba.

Namba hizo tayari unazo, hata kama hujawahi kuziita takwimu. Daftari la dereva linaonyesha mikate mingapi ilirudi na kutoka duka lipi. Daftari la stoo linaonyesha mifuko mingapi ya unga ilitoka, na hesabu ya uzalishaji inaonyesha mikate mingapi ilipatikana kwa kila mfuko. Simu yako ina ujumbe wa WhatsApp wa mangi, mwenye duka la mtaani, anayelalamika kwamba mkate umepasuka juu au unanuka uchachu. Kusanya ya miezi mitatu na uyapange kwa siku na kwa zamu. Ukikuta mikate mingi inayorudi ni ya zamu ya usiku, umeshajua uelekee wapi.

Kisha angalia mbele. Mwaka huu unaokuja kutaingia nini kipya? Mashine ya kukatia mkate? Oda ya supamaketi inayotaka tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye kila mfuko? Bidhaa mpya kama mikate ya ngano nzima? Pengo la ujuzi lina pande mbili: lile linalokula fedha leo, na lile litakalofunguka siku mashine mpya itakaposhushwa mlangoni bila mtu anayejua kuiendesha.

Hatua ya 2: Andika kazi yenyewe na kiwango chake

Huwezi kusema mtu amepungukiwa kama hujaandika anachotakiwa kukifikia. Hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapokwama, kwa kuwa kiwango kimo kichwani mwa mwenye mali na hakijawahi kutoka humo.

Chukua kila nafasi na uandike kazi zake kwa vitenzi: kupima, kuchanganya, kukagua joto, kusafisha, kuandika. Epuka maneno kama "kuwajibika" na "kujituma", kwa sababu hayapimiki na kila mtu ana maana yake. Mbele ya kila kazi weka kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukihakiki bila kubishana na wewe.

Kwa mpima madonge, kwa mfano: mkate wa gramu 400 unatokana na donge la gramu 450 hivi, kwa sababu maji hupotea ndani ya oveni na uzito hupungua kwa takriban sehemu moja ya tisa. Basi kiwango ni donge la gramu 450, lisipungue 445 wala kuzidi 455. Kwa mchanganyaji: unga ukishakandwa utoke kwenye mashine ukiwa na nyuzijoto kati ya 26 na 28, ulainike, na kipande kikivutwa taratibu kiwe utando mwembamba bila kukatika. Kwa mwokaji: katikati ya mkate ifikie nyuzijoto 93 hadi 96 kabla haujatolewa. Kwa dereva: mikate iliyorudi iandikwe kwa duka, idadi na sababu, siku hiyohiyo.

Ili kuandika viwango hivi, kaa na mfanyakazi wako bora wa kila nafasi. Yeye anajua vitu ambavyo hata wewe huvijui, kama vile kupunguza hamira mchana wa Februari, au kugeuza trei za upande wa kushoto kwa kuwa oveni ina joto zaidi huko. Mwombe akueleze hatua kwa hatua, na kwenye kila hatua umuulize: hapa watu hukosea wapi? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko fomu yoyote ya maelezo ya kazi utakayoinakili mtandaoni.

Hatua ya 3: Simama uone kazi ikifanyika

Fomu za kujitathmini zina nafasi yake, lakini zikitumika peke yake zinadanganya. Fundi mahiri anaweza kujipa alama ya chini kwa sababu anajua ukubwa wa asichokijua. Anayeanza anaweza kujipa alama ya juu kwa kuwa bado hajakutana na siku mbaya. Kwa hiyo nenda sakafuni.

Waambie watu mapema unachokifanya na kwa nini. Ukitokea ghafla na daftari watadhani unatafuta wa kupunguza, na kila mmoja atafanya kazi ya maonyesho. Unapofika, fuata adabu ya kawaida. Kama mwokaji ni mtu mzima kukuliko, salamu kwanza, na umwendee kama mwanafunzi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bosi. Karibu huku kwenye joto."

"Asante. Leo nimekuja nijifunze. Naomba unionyeshe unajuaje kwamba hii imeiva."

"Naugonga chini. Ukilia kama mtupu ndani, umeiva."

"Na ukiwa na wasiwasi?"

"Naurudisha dakika tano. Kile kipimajoto kiliharibika tangu kabla ya Ramadhani."

Kwa mazungumzo mafupi hivyo umejua mambo mawili. Fundi ana ujuzi, na kifaa hakipo. Ungempeleka semina ya uokaji ungekuwa umemdhalilisha bure.

Angalia kila kazi muhimu zaidi ya mara moja, katika zamu tofauti, na hasa saa zile ambazo namba za Hatua ya 1 zilikuonyesha. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: kiwango kinasemaje, nimeona nini, na mfanyakazi amenieleza sababu gani. Usisahihishe hapo hapo, isipokuwa mtu yuko hatarini kuumia. Ukianza kufundisha katikati ya kushuhudia, utaacha kuona.

Pima pia kwa vitu, si kwa macho tu. Chukua madonge 20 bila kuchagua, yapime moja moja, andika. Tuseme wastani umetoka gramu 480 badala ya 450. Gramu 30 zinaonekana kitu kidogo mkononi, lakini kwa mikate 1,200 ni kilo 36 za unga uliokandwa kila siku, yaani madonge ya mikate 80 uliyowapa wateja bila kujua. Kwa siku 26 za kazi ni mikate 2,080. Zidisha kwa bei yako ya jumla, nawe utajua kama tatizo hili linastahili kutangulizwa. Hesabu hiyo ihifadhi, tutaihitaji mwishoni.

Hatua ya 4: Chuja: ni ujuzi, au ni kitu kingine?

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiharakishe. Mafunzo hutibu jambo moja tu, yaani kutojua au kutoweza. Hayatengenezi mizani, hayarudishi umeme, na hayaongezi mishahara.

Rudi kwa mpima wetu wa madonge. Anazidisha gramu 30. Kabla ya kusema hajui kupima, pitia sababu zote zinazowezekana.

Je, anajua kiwango? Mara nyingi jibu ni hapana. Alipoanza kazi alifundishwa na mwenzake aliyemwambia "piga donge la kutosha", naye amekuwa akipiga la kutosha mwaka wa pili sasa. Hapo hakuna haja ya kozi. Karatasi moja ukutani yenye namba 450 kwa maandishi makubwa, na maelezo ya dakika kumi, vinamaliza kazi.

Je, kifaa ni kizima? Weka jiwe la mizani la gramu 500 juu ya mizani uone inasoma nini. Mizani ya springi iliyochoka, inayolala kwenye meza isiyo sawa, itamkosesha hata mtu mwenye mkono wa dhahabu.

Je, malipo yanamsukuma kwingine? Kama unawalipa wapima kwa idadi ya trei, umewaambia kwa fedha kwamba kasi ni bora kuliko uzito. Kila sekunde anayotumia kuongeza au kupunguza kipande cha unga inamtoa mfukoni. Anaweza kuhudhuria mafunzo yote ya Dar es Salaam na bado akarudi kupiga madonge kwa makisio, na mimi simlaumu.

Je, mazingira au malighafi vimebadilika? Mkate ulioanguka katikati, wenye matundu makubwa na harufu ya uchachu, mara nyingi umetokana na unga uliopata joto kupita kiasi. Katika Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari maji ya bomba yenyewe ni ya vuguvugu, na mashine ya kukandia huongeza joto kwa msuguano. Bila maji ya barafu, hamira hukimbia kuliko saa ya mwokaji. Njombe mwezi Julai ni kinyume chake: unga husinzia, mwokaji anachoka kungoja na kuuingiza kabla haujaumuka. Vilevile unga wa ngano wenye protini kidogo hautabeba mkate kama ule uliokuwa ukinunua mwezi jana, hata kama mfuko una rangi ileile. Kama mchanganyaji hajui kurekebisha maji na muda kulingana na mabadiliko haya, hapo ndipo kuna pengo la ujuzi la kweli. Kama anajua lakini barafu hainunuliwi, tatizo liko kwenye bajeti yako.

Na je, ni uchovu? Zamu ya usiku yenye watu wawili wanaofanya kazi ya wanne itakosea bila kujali wanajua nini.

Maswali manne yatakusaidia kukata shauri. Mtu huyu aliwahi kuifanya kazi hii kwa kiwango? Kama ndiyo, kitu gani kimebadilika? Wenzake wenye vifaa vilevile wanaifanya vizuri? Ukisimama karibu naye, anaifanya vizuri? Kama anaiweza ukiwepo na anaikosa ukiondoka, ujuzi anao. Tafuta sababu kwenye malipo, usimamizi au mzigo wa kazi. Na la mwisho: ukimpa kila kitu anachohitaji na muda wa kutosha, bado anashindwa? Ni hapo tu ndipo unaandika neno "mafunzo".

Katika viwanda vingi vidogo, orodha hupungua sana hapa. Hilo ni jambo jema. Kilichobaki ndicho chenye kustahili fedha yako.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali la ujuzi

Sasa weka ulichokiona kwenye ukurasa mmoja. Majina upande wa kushoto, kazi juu, na kila kisanduku alama kutoka 0 hadi 4. Sifuri: hajawahi kuifanya. Moja: anajifunza. Mbili: anaifanya akisimamiwa. Tatu: anaifanya peke yake na kufikia kiwango. Nne: anaweza kumfundisha mwingine. Kwa mfano wetu, sehemu ya jedwali inaweza kuwa hivi:

| Mfanyakazi | Kuchanganya | Kupima | Kuoka | Kusafisha mashine | Kumbukumbu |
|---|---|---|---|---|---|
| Mchanganyaji wa kwanza | 4 | 2 | 0 | 3 | 1 |
| Mchanganyaji wa pili | 2 | 3 | 0 | 2 | 1 |
| Mwokaji wa kwanza | 2 | 3 | 4 | 3 | 0 |
| Mwokaji wa pili | 0 | 3 | 2 | 2 | 2 |
| Msimamizi | 3 | 4 | 2 | 3 | 4 |

Alama itolewe kwa ushahidi wa Hatua ya 3, wala isitolewe kwa miaka ya kazi, undugu au cheti. Mtu anaweza kuwa na cheti cha chuo na akapata 2 kwenye oveni yako, kwa sababu oveni yako ina tabia zake.

Lisome jedwali kwa mlalo na kwa wima. Mlalo unakuonyesha mtu mmoja anahitaji nini. Wima unakuonyesha biashara inaning'inia wapi, na kwa kweli wengi hawasomi wima. Tazama safu ya kuoka: kuna 4 moja, na hakuna 3 hata moja. Siku mwokaji wa kwanza akipata msiba Tanga, au kiwanda cha jirani kikimwongezea mshahara, hakuna mtu wa kuoka peke yake. Hilo ni pengo kubwa kuliko la mtu yeyote mmoja, na halionekani kabisa ukiwatathmini watu mmoja mmoja. Tazama tena safu ya kumbukumbu: kila kitu kiko kwa msimamizi. Akiwa likizo, namba zako za Hatua ya 1 zinakoma.

Kuhusu kulibandika ukutani, mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba kila mtu ameiona alama yake faraghani kwanza na ameikubali. Watu hupenda kuiona 2 yao ikigeuka 3. Lakini likibandikwa kama orodha ya aibu, utakuwa umejifungia mlango wa kupata ukweli siku nyingine.

Hatua ya 6: Zungumza na kila mmoja

Dakika ishirini kwa mtu zinatosha, mahali ambapo wengine hawasikii. Mwonyeshe alama zake na ushahidi wake, mwulize kama anaona ni sahihi, na umwache azungumze. Maswali yenye kuzaa matunda ni ya kawaida kabisa: kazi gani ukiambiwa uifanye peke yako kesho utalala na wasiwasi? Nani hapa hukusaidia ukikwama? Ungependa kujifunza nini ambacho sasa hufanyi?

Kuna jambo litajitokeza ambalo lataka upole. Wapo wafanyakazi hodari ambao hawasomi vizuri, au hesabu za asilimia zinawapiga chenga, nao wamelificha hilo miaka. Utalitambua kwa dalili: daima amesahau miwani, daima anamwomba mwenzake aandike "kwa kuwa mkono wake mzuri". Usilitangaze. Mficha uchi hazai, lakini ni juu yako mwenye biashara kuhakikisha anayejifunua haumbuki. Suluhisho linaweza kuwa fomula ya unga iliyoandikwa kwa ndoo na vikombe vilivyowekwa alama za rangi, huku msimamizi akimfundisha hesabu hizo taratibu baada ya zamu. Mtu wa namna hii akisaidiwa bila kudharauliwa, hukaa na wewe.

Waambie pia wazi kwamba zoezi hili si la kufukuza watu, na ulimaanishe. Kwa Tanzania, hata sheria imeliona hili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji usioridhisha na ampe mfanyakazi maelekezo au mafunzo inapohitajika, pamoja na muda wa kujirekebisha, kabla ya kufikiria kumwachisha kwa sababu hiyo. Daftari lako la Hatua ya 3 na jedwali la Hatua ya 5 ni ushahidi kwamba umetenda haki.

Hatua ya 7: Panga kipaumbele

Kwa kila pengo lililobaki jiulize: linagharimu kiasi gani kwa mwezi, linaweza kumuumiza mtu au mlaji, na litachukua muda gani kuzibwa. Yanayogusa usalama hayangoji hesabu. Mtu anayesafisha mashine ya kukandia bila kuzima swichi anafundishwa leo. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakubebesha wajibu huo moja kwa moja.

Yanayofuata yapange kwa fedha. Kwa kiwanda chetu, mwokaji wa pili kufikia 3 kunatangulia, kwa sababu kusimama kwa oveni kunasimamisha kila kitu. La pili ni mchanganyaji wa pili kujifunza kudhibiti joto la unga. Msimamizi kwenda kozi ya uongozi kunapendeza, lakini kunaweza kungoja. Chagua matatu kwa robo ya mwaka. Ukichagua kumi hutafanya hata moja.

Hatua ya 8: Chagua njia ya kufundisha

Kwa mapengo mengi ya biashara ndogo, mwalimu unaye tayari: ni yule mwenye 4. Ila kujua kazi na kuifundisha ni vitu viwili, kwa hiyo mpe utaratibu. Marekani, mwaka 1940, serikali ilianzisha mpango ulioitwa Training Within Industry kusaidia viwanda vilivyopokea watu wengi wapya wakati wa vita, na njia yake ya kufundishia ina hatua nne ambazo hazijachakaa. Mwandae mwanafunzi na ujue anajua nini tayari. Mwonyeshe kazi kidogo kidogo, ukitaja kila hatua, jambo la kuzingatia, na sababu yake. Mwache afanye mwenyewe huku akikueleza anachofanya na kwa nini, urudie hadi uridhike kwamba ameelewa. Kisha mwache afanye peke yake, umwambie amuulize nani akikwama, na umpitie mara nyingi mwanzoni, halafu upunguze.

Mpe mwalimu huyo muda rasmi ndani ya zamu na, ukiweza, posho. Ukimtaka afundishe na papo hapo atimize trei zake zote, atachagua trei. Tena ataogopa kwamba akishamfundisha kijana, yeye ataonekana hana kazi. Mweleze nafasi yake itakuwaje baadaye, kabla hajakuuliza.

Kuna mambo ambayo kiwandani hakuna anayeyajua. Mashine mpya: weka mafunzo ya waendeshaji ndani ya makubaliano ya kununua, kabla hujalipa awamu ya mwisho. Ufundi wa umeme, uokaji wa hali ya juu, usindikaji na ufungashaji: kwa Tanzania, angalia kozi fupi za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 limekuwa likihudumia viwanda vidogo. Na kwa fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi mwingine bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hapo haanzi moja darasani. Anapimwa anachokijua, anaongezewa kinachopungua, anapewa cheti. Ni heshima kubwa kwa mtu aliyeoka miaka kumi na tano.

Tena kumbuka kwamba tayari unalipa. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Kiwanda chetu kikilipa wastani wa shilingi 350,000 kwa watu 14, ni shilingi 171,500 kwa mwezi, zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Basi ni haki yako kwenda kwenye chuo cha VETA cha mkoa wako, kuonyesha orodha yako ya mapengo, na kuuliza wana nini kwa ajili yako. Kenya, mwajiri huchangia NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za kozi zilizoidhinishwa, mradi aombe kabla mafunzo hayajaanza. Wengi hukumbuka baada ya kozi kwisha, na hapo huwa wamechelewa.

Hatua ya 9: Pima ulichopata

Usiulize kama mafunzo yalikuwa mazuri. Watu watasema ndiyo, hasa kama chakula kilikuwa kizuri. Wiki moja baada ya mafunzo, chukua tena madonge 20 bila kuchagua, kwa mizani ileile, saa ileile ya zamu, na ulinganishe na yale ya kwanza. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mkono hurudi kwenye mazoea. Kwa mwokaji wa pili kipimo ni usiku mmoja mzima akiwa peke yake, na hesabu ya mikate iliyorudi kesho yake. Akifaulu, futa 2 andika 3, na umwambie mbele ya wenzake.

Jedwali lipitie kila robo mwaka, na siku yoyote mtu anapoacha kazi, anapoajiriwa, au mashine inapoingia. Na kama namba haikusogea ingawa mtu alifundishwa na ameonyesha kwamba anaiweza kazi, usimpangie mafunzo mengine. Rudi Hatua ya 4, ukague tena mizani, malipo, barafu na idadi ya watu kwenye zamu.